Nimemtembeza mama Bongoyo kwa miguu: njia ni rahisi, ila mwenye saa ni bahari

Binti Mzizima (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Naandika nikiwa nimeloweka miguu kwenye beseni, mama yuko sebuleni anawasimulia majirani kwa mara ya nne. Nimeona nianzishe uzi kabla hajanimalizia habari yote.

Mama ana miaka 63, mtu wa Igunga, kaja Dar kwa ajili ya kliniki ya sukari. Daktari kamwambia atembee angalau nusu saa kila siku. Tunakaa Sinza, na wenyeji mnajua kutembea kwa miguu Sinza ni kupishana na bodaboda mpaka kwenye baraza za watu. Siku tatu za mwanzo tulizunguka uwanja wa shule. Siku ya nne akasimama katikati ya uwanja akaniuliza, "Mwanangu, kwani kuna kitu tumepoteza hapa?"

Ndipo nikakumbuka kisiwa cha Bongoyo. Niliwahi kwenda na watu wa kazini, tukala samaki, tukalala mchangani, jioni tukarudi. Hakuna hata mmoja aliyeinuka kwenda kuona kisiwa kina nini nyuma. Safari hii nikasema tutatembea.

Boti tulipandia Slipway kule Masaki, ni kama nusu saa majini. Mama chombo alichowahi kupanda ni pantoni ya Kigamboni tu. Jaketi okozi alilivaa tukiwa bado nchi kavu, na kisiwani alilivua kwa shingo upande, nahodha alipomwambia kuna abiria wengine wanalisubiri.

Sasa njia yenyewe. Ukishuka, nyuma ya vibanda kuna kijia kinaingia kichakani. Ni kijia cha kupita mmoja mmoja, tambarare, hakuna mwinuko wa kukufanya uhema. Chini ni mchanga na majani makavu, halafu ghafla jiwe la tumbawe linachomoza kama jino. Hapo ndipo pa kuangalia mguu, kwingine unatembea unapiga soga. Upepo wa bahari haupenyi humo ndani, joto lipo, na mijusi inakimbia kila hatua kumi mpaka unazoea. Tulivyoukuta mbuyu mama alisimama, akauzunguka, akaupiga kofi kama anamsalimia mtu wa kwao: "Na wewe umefuata nini majini?"

Kwa mwendo wa mama, wa kupumzika kila akiona kivuli, tulitumia kama dakika 45. Bahari unaisikia kabla hujaiona. Unatokea upande wa pili, mchanga, kimya, hakuna muziki, hakuna anayekuuzia kitu. Mama alikaa chini akanyoosha miguu, na kwa robo saa hakusema neno. Wanaomfahamu wataelewa hiyo ni habari kubwa.

Kosa nililifanya wakati wa kurudi. Mama akasema njia ya kichakani keshaiona, turudi kwa kufuata ufukwe. Tukaenda. Mwanzo mchanga ulikuwa mpana, umelowa, mgumu, mtamu kuutembelea kuliko lami. Kadiri tunavyokwenda ukawa unapungua. Mimi nikadhani kisiwa ndivyo kilivyo. Tulipofika kwenye jiwe lililoinamia baharini, maji yalikuwa magotini, na nilipogeuka nyuma, mchanga tuliopita haupo. Tuligeuza, nimembebea mama kikapu, raba zangu mkononi, nikachubuka nyayo zote mbili kwenye mawe. Tulipanda juu pale tulipoona upenyo na kukitafuta kijia. Tulikipata. Lakini kuna dakika kumi hapo katikati ambazo sikumsimulia mama nilikuwa nawaza nini.

Naulizeni mambo matatu. Moja, mnajuaje maji yatajaa saa ngapi? Mbili, kuna mtu amewahi kuzunguka kisiwa chote? Tatu, kisiwa cha Mbudya ni bora kwa mtu wa umri wa mama?

Fundi Rangi

Uzi bila picha ni pilau bila nyama. Ila nimecheka hapo kwa mbuyu.

Mzee Ngalawa

Binti, mpe mama salamu. Umefanya jambo jema na umeponea padogo.

Maji si ya kuotea, ni ya kuhesabu. Sisi tulihesabu kwa mwezi wa mbinguni, si kwa kalenda ya ukutani. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu siku ya 14 au 15, hayo ni maji ya bamvua. Yanakupwa, yaani yanashuka, mpaka majani ya bahari yanalala juani, na yakijaa yanapanda mpaka kwenye mizizi ya mivinje. Tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Hapa kwetu Dar bamvua hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Hili shika moyoni, linakutosha nusu ya elimu yote. Kila siku inayofuata sogeza mbele kama dakika 50.

Mwezi ukiwa nusu, siku ya 7 au 8 na tena siku ya 21 au 22, ni maji mafu. Hapo bahari haiendi mbali wala haipandi sana, tofauti yake ni kama mita moja tu.

Sasa nikuulize. Siku mliyokwenda, usiku wake mwezi ulikuwaje?

Binti Mzizima

Shikamoo mzee. Ulikuwa mviringo kabisa, usiku wa kuamkia safari tuliuona kutoka uani. Boti ilitufikisha saa nne na nusu. Tukanywa maji, mama akaswali, kijiani tuliingia kama saa tano na nusu. Kurudi kwa ufukweni tulianza saa saba kasoro hivi.

Mzee Ngalawa

Marahaba. Basi umejijibu. Mlipofika kisiwani bahari ilikuwa inamalizia kukupwa, ndiyo maana mliona ufukwe mpana mkadhani ndiyo sura yake ya siku zote. Nyie mmekaa upande wa pili kupumzika, yenyewe ishaanza kurudi.

Na kitu wasichokijua watu wa bara, usiudhike, ni kwamba maji hayajai kwa mwendo mmoja. Kujaa huchukua muda wa kama saa sita. Saa ya kwanza yanasogea kwa aibu, hata huoni. Ya pili yanaamka. Ya tatu na ya nne yanakimbia, hapo ndipo karibu nusu ya maji yote yanapoingia. Halafu yanapoa tena mpaka yajae. Wewe ulikuwa kwenye mawe saa ya tatu. Ungechelewa nusu saa nyingine, si magotini tena.

Anayetaka kutembea pwani yote kwa raha achague siku ambayo maji yanakupwa karibu na saa sita mchana. Aanze zikiwa zimebaki saa mbili maji yafike chini, na yakishageuka awe anaelekea kwenye boti. Kwa hesabu ya mwezi ni siku ya 3 na ya 4, au ya 17 na ya 18.

Kichwa Ngumu

Swali la pili nalijibu mimi, maana kovu ninalo.

Mwaka juzi nilijipa kazi ya kuzunguka Bongoyo yote. Nilikuwa nimesikia kwa jamaa mmoja habari za "maji mafu". Nikasikia mafu, nikajua yamekufa, yaani hayapo. Nikachagua siku hiyo makusudi. Mzee Ngalawa usicheke.

Upande unaotazama Masaki ni mchanga na raha. Ukigeukia upande wa mashariki unaotazama bahari kuu, habari inabadilika. Pale ni mwamba mtupu wa tumbawe, juu umetokeza, chini umeliwa na mawimbi, kama uyoga. Huwezi kupita chini kwa sababu maji hayajashuka vya kutosha, huwezi kupita juu kwa sababu jiwe lenyewe ni wembe na vichaka vimeshonana. Nilishika jiwe kwa kiganja kama mtu anayeshika ukuta wa nyumba yake. Nyuzi nne. Ndala moja bahari iliichukua, nyingine niliitupa kwa hasira, halafu nikajutia maana kurudi nilipita kichakani pekupeku.

Kijia cha ndani kinatosha, wakuu. Kwenye kile kisiwa uzuri wote uko upande wa magharibi, mashariki nenda ukachungulie, upigwe upepo, urudi.

Mzee Ngalawa

Sijacheka. Nimetabasamu tu. Mafu maana yake hayana nguvu, kijana. Yapo palepale, na kwa sababu hayashuki ndiyo yanakunyima njia. Mwenye kutaka kupita chini ya mwamba anataka bamvua, na anataka kuwahi.

Karani wa Pwani

Niongeze kidogo kuhusu hayo mawe, maana watu hudhani ni lava au zege la kale. Ni matumbawe yaliyokufa. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, matumbawe yakajenga, maji yakashuka, yakabaki juu yamekauka. Jiwe hilohilo ndilo walilojengea watu wa kale misikiti na makaburi ya mwambao huu, pamoja na yale magofu ya Kunduchi. Kwa hiyo ukipita kijiani Bongoyo unatembea juu ya bustani ya bahari ya zamani. Zile alama za duara unazoona kwenye jiwe ni tumbawe lenyewe.

Pia wengi wanapiga picha wakiwa wameshika makome makubwa, halafu yanaishia kabatini. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, na yako chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Ndiyo maana kuna kiingilio, na cha Mtanzania ni kidogo ukilinganisha na cha mgeni. Kome, kauri, vipande vya matumbawe, viti vya pweza: viache. Kome tupu ni nyumba ya kaa anayekuja kesho.

Na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tangu 1 Juni 2019, lakini chupa za maji bado tunazitupa kama mvua. Ulichoingia nacho toka nacho.

Bahili Mstaafu

Mimi nawashangaa. Boti ulipe, kiingilio ulipe, samaki ulipe, yote hayo ili utembee? Shuka Coco Beach asubuhi, fuata bahari mpaka Daraja la Tanzanite, panda daraja, kilometa moja na ushee juu ya bahari, lina njia ya waenda kwa miguu, geuza, rudi ule mihogo ya kukaanga na kachumbari. Umetembea, umeona bahari, hujatoa hata shilingi zaidi ya mihogo. Tangu lifunguliwe 2022 natembea pale kila Jumamosi na tumbo limepungua.

Binti Mzizima

Mkuu sikubishii, pale nilimpeleka pia. Alipenda daraja. Lakini kila gari likipita alikuwa ananishika mkono. Bongoyo alikuwa anatangulia yeye mbele. Hiyo tofauti kwangu ina bei.

Bahili Mstaafu

Hapo umenipiga. Sawa.

Nesi wa Zamu

Dada, nimeanza kusoma kwa furaha, nimefika kwenye beseni nikashtuka. Natumaini aliyeloweka miguu ni wewe peke yako, siyo mama. Mwenye kisukari hashauriwi kuloweka miguu, ngozi inalainika na kupasuka, na maji ya moto yanaweza kumwunguza asihisi.

Kwa safari ya namna hii, mama avae raba zilizofungwa mbele na soksi, hata mchangani. Ndala hapana, pekupeku hapana kabisa. Ukimaliza matembezi mkalishe, mvue, angalia nyayo na katikati ya vidole kwa macho yako, maana anaweza kuwa amechomwa na hana habari. Mkwaruzo wa tumbawe si mkwaruzo wa kawaida, vipande vidogo hubaki ndani na kidonda kinachelewa. Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, toa uchafu wote, funika kwa kitu kisafi. Ukiona wekundu unasambaa au joto, hospitali siku hiyohiyo. Hata wewe hivyo hivyo, usijifanye kijana.

Kama anatumia dawa za sukari, asitembee na njaa. Pipi au juisi iwe mfukoni mwake, siyo kwenye kikapu ambacho umekibeba wewe hatua ishirini nyuma. Na maji ya kunywa ya kutosha kutoka bara, kisiwa hakina kisima.

Binti Mzizima

Ni mimi niliyeloweka, nesi. Ila nimeshatoa. Mama alikuwa na raba na soksi, nashukuru Mungu, kwenye yale mawe yeye alipita salama kuliko mimi niliyevua ili nisilowanishe viatu. Nimemkagua sasa hivi, ana alama ndogo kisigino ambayo hakuwa anaijua. Nimeosha. Asante sana.

Mtoto wa Kunduchi

Swali la tatu, Mbudya. Nitajaribu kutokuwa na upendeleo, nitashindwa.

Ukitoka Kunduchi au hoteli za Mbezi Beach ni karibu, kama robo saa kwa boti. Kutoka mjini panda gari la Tegeta, shuka Mtongani au Africana kutegemea unapandia wapi boti, bajaji inakumalizia. Kisiwa kina ufukwe mrefu upande wa magharibi, mchanga mweupe, vibanda vya makuti na samaki wa kuchoma. Vijia vya ndani vipo lakini ni vifupi, kuliko hata vya Bongoyo. Kwa mama wa miaka 63 ningesema atembee ule ufukwe wenyewe kwenda na kurudi maji yakiwa yamekupwa, halafu apumzike, halafu aingie ndani kidogo kuona mibuyu. Kwa kuwa ameshaanza kusalimiana nayo.

Mbudya ina kitu kingine, kaa wa nazi. Ni kaa wa nchi kavu mkubwa kuliko wote, anaweza kufika kilo 4, na miguu ikinyooshwa inakaribia mita nzima. Ana nguvu ya kupasua nazi. Mchana anajificha kwenye mashimo ya mwamba, usiku ndiyo anatoka. Nilivyokuwa mdogo tulitishwa naye ili tusichokonoe mashimo kwa vidole, na kusema kweli ushauri huo ni mzuri hadi leo. Akikubana hakuachii haraka. Wamebaki wachache, wasiguswe.

Ubaya wa Mbudya ni Jumapili na sikukuu. Spika tatu, nyimbo tatu. Nendeni katikati ya wiki.

Dada Kimya

Nyoka je? Naombeni jibu la kweli, mume wangu ananiambia hakuna, na huwa hasemi ukweli kuhusu nyoka.

Kichwa Ngumu

Dada, nimepita kichakani pekupeku na damu mkononi, sikukutana na nyoka. Nilikutana na mijusi, kunguru na aibu.

Mtoto wa Kunduchi

Kichaka ni kichaka, dada. Kaa njiani, piga hatua nzito, usiingize mkono usipoona. Waliotuumiza sisi tangu utoto walikuwa majini, si kichakani: wale weusi wa miiba mirefu kama nungunungu, wanakaa kwenye mawe na majani ya bahari. Mwiba wake unakatikia ndani ya nyama. Ukiingia majini Bongoyo au Mbudya vaa kiatu, na ukitembea kwenye maji ya mchanga buruza mguu, usinyanyue, taa akisikia mtikisiko anaondoka mwenyewe.

Mpemba wa Mikocheni

Assalaam alaikum. Hakuna aliyegusia pepo, na kisiwa bila habari ya upepo ni nusu habari.

Kusi, kuanzia Juni mpaka Septemba hivi, hewa nzuri, jua si kali, kutembea raha, lakini bahari inachafuka, hasa mchana. Mwenye tumbo jepesi avuke asubuhi. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, joto la kweli. Masika, Machi mpaka Mei, usipange, au panga ukijua mvua inaweza kukukuta na kisiwa hakina dari zaidi ya makuti. Mimi napenda Septemba na Oktoba, kusi imechoka, bahari inatulia, maji yanakuwa ya kioo.

Ila jua la Oktoba lisikudanganye. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, jua linapita utosini kabisa. Mchana wa siku hizo kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Kijia cha ndani kitakufaa kuliko ufukwe, kofia pana ni lazima, na mtu wa sukari asiwe juani kati ya saa tano na saa tisa.

Hapo Mzee Ngalawa tunagongana kidogo, maana yeye anataka watu watembee maji yakikupwa saa sita mchana.

Mzee Ngalawa

Waalaikum salaam. Nimekubali, kwa mama bora siku ya pili ya mwezi kuliko ya nne, maji yanakupwa kama saa tano, mnamaliza kabla jua halijasimama. Shida ni boti. Boti haipandi mwezi, inapanda abiria. Mkisubiri ijae ndiyo iondoke, mnafika saa nne na nusu kama alivyofika binti. Afadhali siku ya tatu.

Fundi Rangi

Hili la boti liko kweli. Kuna boti moja, sitaitaja na wala haikutokea Slipway, ilituambia inaturudisha saa kumi. Ilikuja saa kumi na mbili kasoro. Nahodha anatukuta tumekaa kwa mstari kama wanafunzi wa adhabu. Sikuhizi kabla sijashuka nauliza saa ya kurudi, nachukua namba ya nahodha, na boti ya mwisho siisubiri, narudi na ya kabla yake.

Na jaketi okozi vaeni, msilikalie. Mama wa mleta mada ndiye mwenye akili kwenye uzi huu.

Karani wa Pwani

Mtoto wa Kunduchi, wewe ni wa huko, wazee wanasemaje kuhusu mwamba sasa hivi? Mimi nilianza kuzama na miwani Bongoyo miaka ya tisini, kabla ya 1998. Mwaka ule bahari ilipata joto, matumbawe yakawa meupe pwani nzima ya Afrika Mashariki, mengi yakafa.

Mtoto wa Kunduchi

Baba anasema 1998 ilikuwa mara moja, baruti ya kuvulia samaki ilikuwa kila wiki. Tulikuwa tunaisikia tukiwa darasani, "dung'u", na mwalimu anaendelea kufundisha kama hakuna kitu. Bomu moja linaua samaki, mayai yake na nyumba yake kwa mpigo. Siku hizi siusikii ule mlio. Samaki wadogo wa rangi wamerudi kiasi, na pale Mbudya kuna sehemu nikizama naona matumbawe machanga ukubwa wa sahani. Baba haamini mpaka nimpeleke, na magoti yake hayataki boti.

Binti Mzizima

Mpeleke. Namwambia hivyo mtu ambaye wiki iliyopita alidhani magoti ya mama yake hayatamaliza hata kijia.

Dada Kimya

Mleta mada, mtarudi tena? Nataka kujiunga. Nina mama mkwe, miaka 58, hana sukari ila ana maneno.

Binti Mzizima

Karibu sana, watazungumza wenyewe kwa wenyewe sisi tupumzike.

Nimemsomea mama uzi mzima leo jioni. Kwa Kichwa Ngumu alisema "pole baba". Kwa nesi alinitazama mimi. Kwa hesabu ya mwezi akaniambia nirudie mara mbili, akanyamaza. Sasa hivi ni saa mbili na nusu usiku, ameniita uani kaelekeza kidole juu, kauliza huu una siku ngapi, kwa sababu Igunga walikuwa wanahesabia mvua na hakujua kuwa unahesabika na bahari.

Mzee Ngalawa, kanituma nikuulize: mwezi ujao ukiandama Alhamisi jioni, siku ya tatu inakuwa Jumamosi au Jumapili? Anataka kujua kliniki ya Jumatatu aipeleke mbele au aiache.

Mzee Ngalawa

Ukionekana Alhamisi magharibi, Ijumaa ndiyo mosi. Jumapili ndiyo ya tatu, maji yatakuwa chini kama saa tano na nusu. Boti ya kwanza, kijia cha ndani wakati wa kwenda, pwani wakati wa kurudi, saa saba muwe mmeshafika vibandani. Kliniki asiisogeze.

Dada Kimya

Jumapili? Mtoto wa Kunduchi si amesema Jumapili ni spika tatu?

Mtoto wa Kunduchi

Hizo ni za Mbudya, dada. Nyie mnakwenda Bongoyo. Na upande wa pili wa kijia hazisikiki.